Mguu Mzima Nao Ulinyamaza

Kasulu,
2 Desemba 1974

Kwa Shangazi Theodosia,

Shikamoo. Sisi huku tunaamka. Immakulata anakusalimu sana. Tumbo lake limetimiza miezi sita na hataki kula chochote isipokuwa ndizi za kuchemsha zisizo na chumvi. Mvua imenyesha vizuri, kazini tuko wawili badala ya watatu. Hayo ndiyo ya huku.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu kabla hata sijavua koti la kazi. Leo asubuhi Gharibu mwenye duka alikuja kusafishiwa kidonda cha mkono. Namfunga bendeji, yeye anaangalia dirishani, mara ananiambia, "Pole na mzee wako, Melkiadi, naye kavunjika mguu." Bendeji ikanitoka mkononi. Ndipo nikajua, kwa mwenye duka, kwamba baba yangu mzazi alianguka mtini akitundika mzinga, muundi wa mguu wa kulia ukakatika, na kwamba amelala kwako Mabamba, wiki ya tatu hii. Wiki ya tatu, Shangazi! Gharibu anajua, dereva wake anajua, mimi niliye tabibu wa hospitali ndiye wa mwisho.

Mlete Kasulu. Lori la Gharibu litapita Kibondo Alhamisi, nimeshazungumza naye, watamwekea godoro nyuma. Tutamfunga hogo gumu la plasta. Ikilazimu picha ya mfupa, mashine iko Kigoma mjini na nitamsindikiza mwenyewe. Usinijibu kwamba tutaona. Nimekaa nikiwaza mguu ule unavyoungwa upande upande, na siwezi hata kumaliza chai.

Mwanao,
Melkiadi


Mabamba,
19 Desemba 1974

Mwanangu Melki,

Marahaba. Barua yako ilikaa Kibondo siku nane kabla ya mtu kunikumbuka. Umeandika kwa hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. Nilipoishika juani nikaona jua. Mpe pole Immakulata, na mwambie chumvi itarudi mtoto akitoka.

Sisi tumeshahamia kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha, na mimi ni wa tatu kutoka njia panda. Jirani wa kulia ni Sylvesta. Wa kushoto ni Uwimana, yule mama aliyevuka mpaka kutoka Burundi na wanawe mwaka sabini na mbili. Kwaya nimeiacha. Siku hizi wanaimba kwa kunong'ona, sioni raha yake.

Baba yako hatakuja Kasulu. Lori lilikuja, godoro likawekwa, akasema, "Mimi silali kwenye kitanda ambacho sijui jana alilala nani." Sasa unataka nimfanyeje? Ni kaka yangu, si furushi. Nilimvuta mguu siku ileile aliyoanguka, Sylvesta akimshika mabega, mpaka mfupa ukarudi mahali pake. Nimemfunga banzi za gome, na gome lenyewe ni la ule mzinga uliopasuka alipoanguka nao. Alicheka alipoliona, halafu akalia.

Desturi ya nyumba yetu unaijua, ila nitakuandikia tena maana ulipokuwa mdogo ukifundishwa ulikuwa ukitazama nzi. Kila Jumapili nikitoka kanisani nagonga mfupa wa kifundo kwa kijiti cha mninga. Mwanzi wangu uko chini ya goti, na sikio langu liko kwenye tundu la mwanzi. Naanza na mguu mzima, nipate sauti yake. Kisha naenda kwenye uliovunjika. Mfupa uliokatika huitikia kwa mbali, kwa uzito, mara nyingine hauitikii. Unavyoendelea kushikana ndivyo sauti inavyokaribia. Siku miguu yote miwili inaposema neno moja, mgonjwa anasimama na kuuvuka mwanzi mlangoni, na kabla ya hapo unyayo wake haugusi udongo. Baba yangu alifanya hivyo, na yeye hakuwa na godoro la lori.

Najua unavyouona mwanzi wangu. Mwaka sitini na nane, siku ya ubatizo wa mtoto wa Tharsisi, ulisimama mbele za watu na suruali mpya ukasema, "Shangazi, hicho ni kipande cha mwanzi tu, hakisikii kitu." Watu walicheka. Sijakasirika. Labda kidogo.

Shangazi yako,
Theodosia


Kasulu,
26 Januari 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuzeeka. Immakulata amerudi kwenye chumvi. Mwenzangu wa wodini kapelekwa masomoni kwa mwaka mzima, kwa hiyo sasa niko peke yangu na vitanda ishirini na nne. Likizo nisahau.

Nina habari, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho. Mwezi huu tulipitiwa na daktari mzee wa kutoka ng'ambo. Mfukoni alikuwa na uma wa chuma wenye meno mawili. Ukiupiga kwenye goti unalia muda mrefu, kama nyuki mmoja aliyefungiwa kwenye chupa. Akautia mguu wake, yaani mguu wa huo uma, juu ya kifundo cha mgonjwa wetu aliyevunjika, na mpira wa kusikilizia akauweka chini ya goti. Kwanza mguu mzima. Kisha uliovunjika. Akanipa masikioni nisikie mwenyewe. Kwenye mguu mzima sauti ilipita wazi. Kwenye ule mwingine ilikuja kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Akasema mfupa ukishapona sauti hupita tena, na kwamba mahali pasipo na mashine ya picha hiki ni kipimo cha kuheshimiwa.

Nilisimama pale na mpira masikioni, nikaona aibu mpaka shingoni. Nilijiona mimi na ile suruali.

Basi nimesema. Ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga mwenye cheti. Daktari ameniachia uma wake na sasa nawasikiliza wagonjwa wote wa mifupa. Nimeanza kutambua wa wiki nne na wa wiki kumi kabla sijasoma kadi. Lakini Shangazi, ndiyo maana nakuuliza kama mtu wa kazi moja: baba yuko wiki ya kumi na moja. Mwanzi unasemaje? Sauti imekaribia kiasi gani? Niandikie hata mstari mmoja, nimekosa utulivu kabisa.

Melkiadi


Mabamba,
2 Machi 1975

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mahali pa mjinga mwenye cheti nimepasoma mara nne. Nimekusamehe. Hilo limekwisha.

Mahindi mabichi yametoka, tunachoma kila jioni. Nikitafuna hindi, ule mlio wa kutafuna unajaa kichwa kizima mpaka sisikii mtu mwingine anasema nini. Uzee una vituko. Mbuzi wa Sylvesta waliingia kwenye maharage yangu mchana kweupe, mimi nimekaa kizingitini nimewapa mgongo, wakala mistari mitatu. Sylvesta anasema walikuwa wanapiga kelele kama wako sokoni. Mwongo mkubwa. Uwimana ameniletea viazi, akarudi zake akichechemea. Huwa simtazami akienda.

Uliuliza juu ya mguu. Bado. Mfupa umenyamaza.

Baba yako amekuwa mtu wa kurusha sahani. Anahesabu mizinga yake kwa majina ya miti iliyoko, anaanza asubuhi na akimaliza anaanza tena.

Theodosia


Kasulu,
6 Aprili 1975

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa tarehe kumi na tano Machi, msichana, mzima, mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Tumemwita Theodosia. Immakulata anasema tayari amerithi ubishi. Natumaini utafurahi, kwa maana sehemu inayofuata haitakufurahisha.

Umeniandikia kwamba mfupa umenyamaza. Umenyamaza namna gani? Barua ile ulitumia mstari mmoja kwa mguu na mistari mitano kwa mbuzi. Miezi mitano inakaribia. Muundi wa mtu wa umri wa baba, uliovutwa mapema, ukafungwa vizuri na mkono kama wako, kwa sasa ungekuwa unasema kitu, hata kwa kunong'ona. Naomba unijibu haya: Ukibonyeza pale palipovunjika, anaumia? Pana uvimbe mgumu umejenga? Ukishika juu na chini ya pale, panacheza? Anaweza kuinua mguu mwenyewe kitandani?

Mfupa uliolala mno nao unadhoofika, Shangazi. Nyama inaisha, kifundo kinakauka, goti linasahau kazi yake. Nina mzee mmoja hapa wodini, mfupa wake umepona kama chuma na hatatembea tena, kwa sababu nyumbani waliogopa kumsimamisha kwa mwaka. Nikimpita kitandani namwona baba. Hata akikanyaga kidogo kwa magongo, ingesaidia.

Nijibu swali moja baada ya jingine. Nakusihi.

Melkiadi


Mabamba,
11 Mei 1975

Melkiadi,

Marahaba. Jina nimelipokea. Nilikaa na barua mapajani nikacheka peke yangu mpaka Sylvesta akaja kuuliza kuna nini. Mtengenezeeni kitoto hicho kofia, baridi ya Kasulu siiamini.

Ama hayo mengine, mwanzi uko mkononi mwa nani? Mwako au mwangu? Ulisema wewe mwenyewe kwamba nilikuwa sahihi. Sasa mbona unanifanyia mtihani? Mgonjwa wa nyumba hii hasimami mpaka mfupa useme, na mfupa haujasema. Akisimama leo ukakatika tena, wewe utakuwa umekaa na mpira wako shingoni, mimi ndiye nitakayemwokota.

Msimu wa asali umefika. Mizinga imejaa, nyuki wananing'inia nje kwa kukosa nafasi, na baba yako anaisikia harufu kutoka kitandani. Ameniamuru niandike maneno haya bila kubadili: "Mwambie Melki mimi siumwi." Nimeandika. Ni mwongo, kila mvunjika mguu husema hivyo.

Gharibu alikuja wiki iliyopita akaondoka amenuna. Sijui nimemkosea nini. Watu wa dukani hawachelewi kununa.

Theodosia


Kasulu,
1 Juni 1975

Masenge,

Nakuita hivyo kwa Kiha kama nilivyokuita nikiwa mdogo, kwa sababu ninachotaka kusema sijui kukisema kwa adabu nyingine. Shikamoo. Mtoto hajambo, kofia anayo.

Gharibu amenisimulia. Anasema, "Lile bibi lako kanivunjia heshima. Nimepiga honi mara tatu mlangoni kwake, nimeita hodi mpaka koo limekauka, anatwanga kanipa mgongo wala hageuki! Mpaka nikapita mbele yake ndipo akashtuka na kunikaribisha kwa tabasamu kama hapana lililotokea." Yeye anadhani ulimpuuza. Nilimsikiliza nikiwa nacheka. Kisha kicheko kikanikauka.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Kwaya inayonong'ona. Mbuzi waliokula mistari mitatu nyuma ya mgongo wako. Sasa honi.

Shangazi, unasikia?

Sikuulizi kwa kukukomesha. Nauliza kwa sababu baba amelala mwezi wa saba akisubiri neno ambalo labda limeshasemwa, na hakuna aliyelisikia. Nijibu. Kama nimekosea nitukane, nitafurahi kutukanwa.

Mwanao,
Melkiadi


Kasulu,
29 Juni 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Gharibu anasema barua ya tarehe mosi alikukabidhi mkononi, ukaiweka kifuani bila kuifungua. Ni wiki nne. Nimeomba ruhusa ya siku sita tu nije, nimenyimwa. Hakuna wa kuachiwa wodi. Usiku wala mchana sikai mahali pamoja. Jana nilimwuliza mgonjwa swali, akajibu, nikamwuliza tena lilelile.

Sisemi neno zaidi. Nasubiri.

Melkiadi


Mabamba,
13 Julai 1975

Mwanangu Melki,

Marahaba. Barua hii nimeianza Jumapili tatu na kuichana mara mbili.

Sisikii. Ndivyo ilivyo, nimeandika. Nikiwa msichana masikio yangu yalikuwa yakitoka usaha kila msimu wa mvua, yakakauka, nikasahau. Kisha mwaka sabini na mbili la kushoto likaanza kuziba, na la kulia likalifuata. Anayenikabili uso kwa uso na kusema polepole namwelewa. Anayeniita kwa nyuma hayupo. Sijamwambia mtu, hata padri, ambaye namwungamia halafu nakubali malipizi bila kujua ni mangapi.

Sasa nisome vizuri. Wiki ya kwanza nilikaa na mguu wa baba yako kama kawaida. Nikaweka mwanzi kwenye mguu mzima. Nikagonga. Kimya. Nikasogeza mwanzi, nikagonga tena, na tena kwa nguvu mpaka akasema, "Dada, huo ndio mguu pekee uliobaki." Kimya. Mguu mzima nao ulinyamaza, Melki. Hapo nilijua bila shaka tena kwamba mwanzi umekufa mkononi mwangu. Nikahamia mguu uliovunjika, nikainamisha kichwa, nikakaa muda uleule ninaokaaga siku zote, na nikasema, "Bado." Tangu siku hiyo kila Jumapili nasema bado. Ndilo neno pekee nililoona haliwezi kumwua mtu.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nitakujibu kwa jina moja: Uwimana. Alivunjika mguu mwaka sabini na tatu, akabebwa hadi kwangu na wanawe. Nilimsikiliza kwa masikio haya. Sikusikia, nikasema nimesikia. Nilikisia kwa hesabu ya wiki, nikamwambia, "Simama, mama, mfupa umesema." Akavuka mwanzi, akaenda kisimani, na mfupa ukapinda naye njiani. Hakunilaumu. Alisema ni Mungu, na mpaka leo ananiletea viazi. Unafikiri vile viazi vinanishuka kooni?

Na wewe ulishasema mbele za watu kwamba mwanzi hausikii kitu. Nikitangaza kwamba sisikii, nitakuwa nani katika mstari huu wa nyumba? Bibi wa tatu kutoka njia panda.

Lakini baba yako amekonda. Mguu wake umekuwa mwembamba kama mkono wangu. Jana alimaliza kuitaja mizinga akasema, "Basi, igawanywe." Nimeogopa zaidi ya siku alipoanguka. Niambie la kufanya. Mimi sijui.

Theodosia


Kasulu,
20 Julai 1975

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo mara mia. Barua yako nimeisomea stoo ya dawa nikiwa nimefunga mlango, na nimelia, usimwambie mtu. Kuhusu suruali ya mwaka sitini na nane, ningeweza kuirudisha dukani na maneno yake, ningekwenda leo.

Gharibu anaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo naandika mbio. Amebeba kifurushi. Ndani ni ule uma wa chuma wenye meno mawili.

Ulipoandika kwamba ukitafuna hindi mlio wake unajaa kichwa kizima, mimi nilipita juu yake kama mbuzi wa Sylvesta. Juzi ndipo nikakumbuka mafunzo. Yuko kiziwi ambaye ndani kabisa sikio limekufa. Huyo hata kutafuna hakusikii. Na yuko ambaye mlango wa sikio ndio umeziba, lakini ndani watu wapo. Huyo sauti ikimpitia kwenye mfupa wa kichwa, anaisikia, mara nyingine kuliko mimi.

Fanya hivi. Piga uma kwenye goti. Uweke karibu na tundu la sikio, usiguse. Kisha upige tena, na safari hii mguu wa uma ukandamize kwenye ule mfupa mgumu ulio nyuma ya sikio. Ukisikia nyuma na usisikie mbele, basi weka mwanzi pembeni. Chukua kijiti chako cha mninga, kile cha kugongea, ncha moja iweke kwenye mfupa wa baba chini ya goti, na ncha nyingine uing'ate kwa meno. Iume vizuri. Mwingine agonge kifundo kwa kitu kingine. Ziba masikio kwa vidole ukitaka. Anza na mguu mzima, kama kawaida ya nyumba yetu.

Usipouamini mfupa wa baba mara ya kwanza, tafuta mfupa ambao hali yake unaijua, ujifunzie.

Na ukisikia miguu yote miwili inasema neno moja, usimwache atembee siku hiyohiyo kama kijana. Magongo mawili, kidogo kidogo, amtegemee Sylvesta. Ukisikia tofauti, niandikie, hata wakinifukuza kazi nitakuja.

Sijui kama itafanya kazi. Nakuambia ukweli. Nimejaribu kwenye meno yangu mwenyewe na imefanya, lakini mimi nasikia.

Melkiadi


Mabamba,
7 Septemba 1975

Mwanangu Melki,

Marahaba. Mbusu mwenye jina langu. Maharage yameisha, tunasubiri mvua, Gharibu nimemwomba radhi na amenuna zaidi kwa kuona haya.

Uma wako ulikaa juu ya meza wiki mbili nzima. Niliogopa kuupiga. Mradi haujapigwa, nilikuwa bado na nusu ya matumaini. Siku niliyoupiga niliuweka mbele ya sikio, hakuna. Nikauweka nyuma. Melki, uliingia! Uliingia kichwani ukalia ndani yangu kama mzinga, nikautupa chini kwa kushtuka. Kisha nikaupiga tena, na tena, mpaka mchuzi ukaungua.

Ukasema nitafute mfupa ninaoujua. Naujua mmoja. Nilikwenda kwa Uwimana na kijiti mkononi, nikakaa, nikamwambia yote: kwamba ule mguu sikuusikia, kwamba nilikisia, kwamba si Mungu, ni mimi. Nilisema nikiwa natazama midomo yake nisikose hata neno. Kisha akaunyoosha ule mguu uliopinda mbele yangu, akavuta gauni mpaka gotini, na akasema, "Ego, ndiyo. Sikiliza sasa." Mwanawe wa kike akagonga. Niling'ata kijiti, na mfupa wake ukasema, wazi kabisa, mzito kidogo pale ulipopinda, lakini umeshikana wote. Nilimwambia. Akasema viazi ataleta mwenyewe kesho, na mimi nikasema hapana, kesho naleta mimi.

Jumapili ya tarehe ishirini na nne Agosti nikaenda kwa baba yako. Sylvesta ndiye aliyegonga. Mguu mzima kwanza. Nikaisikia ile sauti niliyoikosa miaka mitatu, nikainama hapo hata nikasahau kuhama. Kisha ule mwingine. Nilirudia mara nne. Sauti ni moja, Melki. Ni ileile. Labda imekuwa ileile tangu Machi, hilo sitalijua na litanikaa.

Nikamwambia, "Nestori, mfupa umesema." Mwanzi sikuulaza mlangoni. Nililaza kile kijiti chenye alama za meno yangu. Alisimama kwa magongo yake, Sylvesta nyuma, mguu unatetemeka, kifundo kimegoma kukunjika, akakivuka kijiti. Hatapanda mti tena, nakuambia wewe kwanza maana yeye bado hajakubali. Atakaa chini aelekeze wengine, na atawatukana.

Alipofika nje akakaa juani, nikapiga magoti mbele yake nikaanza kumwungamia kama nilivyomwungamia Uwimana. Hakuniacha nifike katikati. Alinishika kidevu akanigeuza uso nione midomo yake, akasema polepole kama anayemfundisha mtoto, "Dada, nilijua tangu wiki ya kwanza. Uligonga mguu wangu mzima mara tatu, na uso wako ukasawijika."

Nikamwuliza kwa nini basi alilala miezi tisa.

Akasema, "Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

Shangazi yako,
Theodosia